Chupa ya Kuanzia

Saa kumi alasiri, muuzaji akiwa anapangusa vumbi kwenye rafu ya wiski, mumewe aliyezikwa mwezi wa tatu akaingia dukani kununua chupa yake ya kwanza. Mlinzi alimpapasa mifukoni kama anavyompapasa kila mtu. Alivaa suti ya kahawia waliyomzika nayo, na viatu vyake vilikuwa na udongo, jambo lililomkera mfagiaji, maana alikuwa ametoka kupiga deki sasa hivi.

“Samahani dada,” mume akasema. “Sijawahi kunywa wiski. Unanishauri nianze na ipi?”

Hakumtambua mkewe. Hajamtambua hata mara moja tangu aanze kuja, na huja kila siku duka linapokuwa wazi. Maneno hayo hayo alimwambia miaka kumi na tisa iliyopita, amesimama pale pale. Naye, msichana mwenye ulimi mtamu wakati huo, alimwonyesha singo molti, wiski ya shayiri tupu ya Uskoti, iliyolazwa kwenye mapipa ya mvinyo mtamu wa sheri, laini, ya bei isiyouma. Kikadi alichokiandika kwa mkono wake bado kimebandikwa rafuni: Rahisi kwa anayeanza. Zabibu kavu, asali, mdalasini kwa mbali. Ndivyo walivyojuana. Ikafuata ndoa, na baada ya ndoa chupa nyingine, kali zaidi, hadi zile zisizo na lebo, kisha wodi na macho ya manjano.

Wiki ya kwanza ya ujio wake, muuzaji alimwambia kinywaji hicho ni kichungu. Mume akasema basi aonje ajionee. Wiki ya pili alizificha chupa stoo, nyuma ya maboksi ya soda. Bosi akazirudisha mwenyewe, akisema bidhaa inayotoka namna ile haifichwi, na kwamba marehemu huyo ni mteja mwaminifu kuliko wengi walio hai.

Leo muuzaji hakuwa na ujanja uliobaki. Alimmiminia wiski kidogo ya kuonja. Mume akachomoa pamba puani, akaitia mfukoni, akanusa taratibu.

“Inanukia kama keki,” akasema, uso ukimchangamka. Muuzaji aliupenda mno uso ule, na moyo ulimuuma kuuona.

“Kaka, usianze,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Nakuomba. Nenda tu nyumbani.”

“Kwani ina shida gani?”

“Itakuua.”

Mume alicheka kwa adabu. “Dada, wewe unauza au unafukuza watu?”

Bosi akakohoa kule kaunta. Muuzaji akaifunga chupa kwa karatasi, akampa.

Nyuma yao alisimama msichana mwenye pete mpya kidoleni. “Mchumba wangu hajawahi kunywa hata siku moja,” alisema. “Nataka nimpe zawadi. Nimchukulie ipi?”

Muuzaji alichukua kitambaa chake, akarudia kupangusa rafu aliyokwisha kuipangusa.

“Mchukulie hii,” mume akasema, akirudisha pamba puani. “Hata mimi ndiyo kwanza naanza nayo. Huyu dada ndiye aliyenichagulia.”

Msichana akashukuru sana. Chupa ya mume ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye rafu ya chini, kwa hiyo muuzaji akaburuta ngazi, akapanda, akateremsha nyingine.