Kimya cha Mama Mkuu

Mwaka 2017 nyumba ya watawa ya Bellevue, jijini Johannesburg, ilikuwa na masista saba, na mmoja tu kati yao alijua Kiswahili. Huyo alikuwa Sista Marcelline, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuwa akijiandaa kuweka nadhiri za daima. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake, Jocelyne wa Uvira, alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, asubuhi, wengine wakiwa kwenye sala. Mama Mkuu, Sista Brigitte, Mbelgiji aliyezeekea Johannesburg, alitangaza wakati wa chai kwamba Jocelyne ameacha utawa na amerudi kwao Kongo, na kwamba jina lake lisitajwe tena mezani. Halikutajwa.

Urafiki wa wawili hao haukumpendeza Mama Mkuu. Lugha ya nyumba ilikuwa Kiingereza, ili wote waelewane, lakini jikoni, wakimenya viazi, walirudi kwenye Kiswahili chao na kucheka. Walionywa, wakaomba radhi, wakarudia. Jocelyne alipoondoka Marcelline akawa msichana mkimya, na Sista Brigitte akamsifu kwa kukomaa.

Kila Jumamosi wanawake wa mtaani walikuja kujifunza kushona. Wengi walikuwa Wakongo na Warundi, na Watanzania wachache, akiwemo Mayasa wa Tanga, mgeni wa wiki mbili tu, aliyeuliza kila kilichomjia kichwani. Jumamosi moja ya baridi Sista Brigitte aliamua kuwaonyesha filamu ya Kifaransa ya zamani, nyeusi na nyeupe, kuhusu maisha ya watawa. Aliiona akiwa kijana, na alisema ndiyo iliyomwita kwenye utawa. Akamwomba Marcelline awatafsirie.

Marcelline alisimama kando ya ukuta, akaanza. Mwanzoni maneno yalimkwama, kisha yakamtoka yenyewe. Masista wa kwenye filamu walipopiga magoti kusugua sakafu, wanawake walicheka, wakasema kumbe Wazungu nao wanapiga deki. Baadaye ikaja sehemu ambapo sista kijana anaamua kuondoka. Wenzake wanampita ukumbini wameinamisha vichwa, hakuna anayemtazama.

Mayasa akasema, wala hakushusha sauti, "Kama Jocelyne wetu."

Marcelline akaacha kutafsiri. Filamu ikaendelea na Kifaransa chake.

"Jocelyne yupi?"

"Si yule aliyekuwa sista hapa? Anasuka nywele mtaani kwetu. Kila siku anauliza mbona huendi kumwona."

Sista Brigitte, aliyekaa nyuma, alielewa jina tu. Marcelline akarudi kwenye filamu na kuitafsiri mpaka mwisho.

Wanawake walipoondoka, alimfuata Mama Mkuu ofisini, akamuuliza. Sista Brigitte hakukana. Jocelyne alikuwa amemwomba amwambie Marcelline mahali atakapokuwa, naye aliahidi, kisha hakusema.

"Niliogopa kupoteza wawili," alisema.

"Sikuwa na sababu ya kuondoka, Mama," Marcelline akajibu. "Sasa ninayo."

Akaambiwa aende kikanisani akasali. Alisema atakwenda, ila kuna mahali atapita kwanza.

Alimkuta Jocelyne kwenye chumba cha mbele cha nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, mikono yake ikiwa kichwani kwa mteja. Jocelyne hakusimama. Alisuka huku akieleza kwamba miezi ya mwanzo kila shela ya sista iliyopita barabarani ilimfanya ainuke kitini, kisha akakasirika, kisha akazoea.

"Nilifikiri umenikataa, yaya," alisema, akimwita dada kama wanavyoitana kwao.

Marcelline alimwambia alivyodanganywa. Jocelyne alitikisa kichwa, akaomba apewe rasta. Marcelline akakaa chini, akawa anamgawia moja moja. Alipomuuliza kwa nini aliondoka, Jocelyne alifunga kwanza ncha ya msuko.

"Mungu hakunichosha," alisema. "Kengele ndiyo iliyonichosha." Kisha akauliza kama naye atatoka. Marcelline alisema hajui.

Mwaka huo hakuweka nadhiri. Aliomba kuhamia nyumba nyingine ya shirika, kule kitongoji cha Alexandra, kuhudumia wagonjwa majumbani mwao, na Sista Brigitte hakubisha. Mara mbili Mama Mkuu alikwenda kumtembelea, na mara zote mbili aliambiwa Marcelline ametoka. Mara ya pili ilikuwa kweli.

Mapema 2019 Sista Brigitte aliitwa arudi Ubelgiji kupumzika. Marcelline alifika uwanja wa ndege, akambebea begi. Walipofika mahali ambapo wasiosafiri hawaruhusiwi kupita, yule mzee alisema, "Nilikosea." Marcelline akasema anajua, akamkumbatia, kwa sababu alikuwa mzee na alikuwa akitetemeka.

Agosti hiyo Marcelline aliweka nadhiri zake. Jocelyne alichelewa kwa sababu ya mteja, akasimama mlangoni pamoja na Mayasa, ambaye hakuwahi kuingia kanisani na hakutaka kuanzia siku hiyo. Baada ya misa walikula wote uani. Jocelyne alimuuliza imekuwaje akabaki, baada ya yote yale. Marcelline alisema alikuwa amengoja hasira imtoe, lakini hasira iliisha kabla ya kumfikisha getini, na asubuhi wagonjwa walikuwa bado wanamsubiri.

Jocelyne akasema hilo jibu si baya. Akajiongezea wali.