Njano Mbili

Kila Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi, karani wa kitengo cha macho aliwasha kompyuta, akapangusa kioo kwa kona ya kitambaa, kisha akapanga karatasi kwenye printa kwa namna ambayo orodha ingetoka imelala kifudifudi. Hakutaka kuyasoma majina. Aliibeba orodha hivyohivyo mpaka mezani kwa muuguzi, akarudi zake juu. Wenzake walimwita Rula. Hakuwahi kwenda nyumbani na kalamu ya ofisi, na mama yake mzazi, mwenye presha ya macho, alipanga foleni dirishani kama watu wengine.

Jedwali lilikuwa na mistari elfu moja na mia tisa, na kila mstari ulikuwa mtu. Aliyekosa vipimo alipakwa nyekundu. Aliyemalizwa alipakwa kijani. Aliyekuwa tayari kwa upasuaji, akingoja kuitwa tu, alipakwa njano. Rangi ikishawekwa kwenye mstari, ilimtokea mwenyewe kwenye kiganja cha kushoto kabla ya jua kuzama. Haikuwasha, wala haikutoka kwa sabuni. Mwalimu mmoja wa hesabu aliificha nyekundu yake ndani ya glovu mwaka mzima, lakini wengi waliona ni nafuu, maana kadi hupotea na kiganja hakipotei. Mlinzi wa mlangoni hakuomba kadi. Aliomba mkono.

Zamani wa njano walitafutwa kwa macho na karani aliyemtangulia Rula, mzee mmoja waliyemwita Bwana Faili, aliyekuwa na kompyuta kuukuu na subira nyingi. Alipostaafu, kazi ikamshinda kila aliyeijaribu. Kompyuta hujumlisha namba za dunia nzima, lakini rangi haiioni mpaka ifundishwe. Rula akaifundisha. Aliandika ile amri ndefu ambayo watu wa kompyuta huiita makro: chukua kisanduku kimoja cha njano, soma namba ya rangi yake, pita mstari kwa mstari, wenye namba hiyo wabaki, wengine wafiche. Kisanduku cha mfano alikipaka yeye mwenyewe asubuhi ileile. Mwisho wa kazi kilitokea kijidirisha chenye maneno aliyoyachagua yeye, *Wote wamepatikana*, na chini yake kitufe kimoja, *Sawa*. Mganga mkuu aliyapenda maneno hayo, akaagiza yaandikwe kwenye kitambaa cha mita nne na kutundikwa katika ukumbi wa kungojea.

Chini ya kitambaa hicho, benchi la tatu, mama yake Rula aliketi kila Jumatatu kwa miaka mitatu. Kiganja chake kilikuwa cha njano tangu enzi za Bwana Faili. Mwaka wa pili jicho la kulia lilizima. La kushoto likabaki na mwanga mdogo, kama wa mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Orodha unayo wewe," kaka yake Rula alimwambia kwenye simu. "Mpandishe mama."

"Kuna watu mbele yake."

"Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama, dada."

"Na wasio na kisu wale nini?"

Kaka mtu alikata simu. Mama, aliyekuwa anasikiliza, alisema binti yake amejibu vizuri. Rula alilala na fahari usiku huo, na baadaye ndiyo fahari iliyomuuma kuliko kitu kingine chochote.

Jumatatu moja alishuka ukumbini kumpelekea mama yake maji. Muuguzi alikuwa anatia watu dawa ya matone, na wote walikuwa wamelaza vichwa nyuma, mikono wameiacha mapajani, viganja juu. Kando ya mama yake aliketi fundi cherehani aliyeandikishwa miezi minne tu nyuma. Jina lake lilikuwa limekwisha kuitwa. Rula alikitazama kiganja cha fundi, kisha cha mama yake. Cha fundi kilikuwa njano ya dumu la mafuta ya kupikia. Cha mama yake kilikuwa njano ya kiini cha yai. Akatembea benchi baada ya benchi, chupa ya maji mkononi. Viini vya yai vilikuwa vingi, na vyote vilikuwa vya watu aliozoea kuwaona.

Alipanda juu, akabofya mstari wa mama yake. Namba ya rangi ilikuwa 64255. Makro ilikuwa inatafuta 65535. Bwana Faili, kwenye kompyuta yake kuukuu, alikuwa na njano yake mwenyewe, na jicho la binadamu halikuwahi kuona tofauti yoyote ya maana. Rula akabadilisha namba, akabonyeza. Walitoka watu mia mbili na kumi na wawili. Mara hii alisoma majina yote, moja baada ya moja.

Mganga mkuu aliitazama karatasi kwa utulivu.

"Hawa ni wa lini?"

"Wa zamani kuliko wote, daktari. Makro yangu iliwaruka. Kosa ni langu. Nimekwisha kuirekebisha, Jumatatu tunaweza kuanza kuwaita."

"Taarifa ilikwenda wizarani mwaka jana. Tuliandika kwamba hakuna aliyeachwa." Alivua miwani. "Tukiwaita leo, itabidi tueleze jana walikuwa wapi."

"Walikuwa hapo chini. Kwenye mabenchi."

"Ndiyo maana."

"Mmoja wao ni mama yangu."

"Pole sana," alisema mganga mkuu, na alionekana kusema kweli. "Huyo basi aitwe."

Alikwenda mwenyewe kuketi kwenye kiti cha Rula. Makro akairudisha kwenye namba yake ya zamani. Mstari wa mama akaupaka njano inayotambulika. Ile mistari mingine mia mbili na kumi na mmoja akaiondolea rangi, ikawa myeupe. Rula alisimama nyuma yake. Angeweza kusema neno. Alimfikiria mama yake na lile tundu la ufunguo, akaona haya, akanyamaza.

Jioni, mama aliinua kiganja.

"Kimebadilika? Nakisikia."

"Kimebadilika, Mama. Sasa ni njano."

"Kwani jana kilikuwaje?"

"Njano."

Mama akaomba chai.

Jumatatu iliyofuata aliitwa wa kwanza. Daktari wa macho alimmulika jicho la kushoto kwa muda mrefu, kisha akazima tochi. Alisema mshipa umekwisha kufa. Ule mwanga aliobaki nao ungeondoka kabla ya mwaka kwisha, na kisu hakingeuzuia. Mwaka juzi kingeweza.

"Wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi," mama alimwambia daktari. "Mimi kuishi nimeishi."

Faili ikafungwa. Katika jedwali hapakuwa na rangi ya waliochelewa, na mtu ambaye faili yake imefungwa huhesabiwa kuwa amemalizwa. Rula alimpaka mama yake kijani kwa mkono wake mwenyewe, akalia akiwa ameshika kipanya.

Viganja vya wale wengine havikubadilika. Kuondoa rangi si kupaka rangi, kwa hiyo hakikuwatokea kitu kipya, na njano ya Bwana Faili ikabaki palepale. Jumatatu walikuja mia mbili na kumi na mmoja kama kawaida yao. Mlinzi aliona njano, akawaruhusu. Waliketi, wakatiwa matone, wakayasikiliza majina ya watu wengine, na saa saba mchana wakashikana mikono kurudi makwao.

Mama yake Rula naye alikuja, akiongozwa na binti yake, fimbo mkononi. Mlangoni aliinua kiganja.

"Mama, wewe ni kijani," mlinzi alisema. "Umeshamalizwa. Kapumzike nyumbani."

"Najua. Nimekuja kukaa na wenzangu."

Mlinzi hakuwa na amri yoyote kuhusu jambo hilo. Akampisha.

Rula alimketisha benchi la tatu. Waliokuwepo walisogea kumpa nafasi, na mmoja akamuuliza kulikuwaje huko ndani. Rula hakungoja kusikia jibu. Alipanda ngazi, akawasha kompyuta, akapangusa kioo, akapanga karatasi kifudifudi. Akaendesha makro. Baada ya sekunde nne kijidirisha kikatokea katikati ya kioo: *Wote wamepatikana*. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, kwa kuwa ni yeye aliyeyaandika. Kitufe kilikuwa kimoja tu. Akakibonyeza.