Kima Aliyevikwa Kofia

Barua ya ruhusa ya kuwinda ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri, bado sahihi tu. Kerdas aliiona kwa macho yake. Bila barua hiyo mwanzi wake wa kupulizia mishale ungebaki kuwa mti wa kuanikia nguo, na kambi yao ya Wabatek kumi na tisa, wawindaji wa msitu wa Malaysia, ingekula viazi vya porini hadi mwaka uishe.

Tatizo lilikuwa Bwana Zulhairi, ofisa mpya wa hifadhi, aliyehamishwa kutoka Kuala Lumpur miezi mitatu nyuma. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma yake iliwachosha watu.

"Mzee Kerdas, hivi kweli unaweza kumla kima? Huoni ana vidole kama vyako?"

"Naviona," alisema Kerdas. "Vina mifupa mingi. Hatuvipendi."

Ilikuwa Siku ya Wanyamapori. Turubai lilifungwa chini ya mti mkubwa mbele ya ofisi, wageni wakaketi kwenye viti vya plastiki, na Bwana Zulhairi akamleta kima mdogo aliyelelewa pale ofisini, kavikwa shati la askari wa hifadhi, kofia na miwani ya jua. Kerdas alitakiwa asimame naye wapigwe picha, mwindaji na kima, huku anatabasamu. Ndipo barua itiwe sahihi.

Kima akapiga saluti. Wageni wakacheka hadi machozi, na Bwana Zulhairi akawashinda wote.

Bidara, mke wa Kerdas, alijifunika uso. "Hawa watu wana wazimu! Wanamcheka mnyama mchana kweupe! Tuondoke, mume wangu, Gobar anasikia."

Kerdas alikuwa na hasira. Alikuwa ameua kima wasio na idadi, na hajawahi kumcheka hata mmoja. Kuua ni chakula. Kumvika mnyama kofia ukamcheka ni kumtukana, na Gobar, mwenye radi, hilo halisamehe. Huangusha miti, wala hachagui nani alicheka na nani alinyamaza.

"Tabasamu kidogo tu, mzee," alisema Bwana Zulhairi. "Barua hii hapa."

Husemwa mwenye njaa hana miiko. Kerdas njaa alikuwa nayo, na miiko alikuwa nayo yote. Akamvua kima miwani, akamvua kofia, akamvua shati. Akavikunja vizuri, akamkabidhi ofisa.

"Nampiga mshale, namla," alisema. "Kumdhihaki, hapana. Mimi si mtu katili."

Bwana Zulhairi akairudisha barua kwenye faili.

Ngurumo ya kwanza ilitoka upande wa mto. Kerdas hakungoja ya pili. Alijichanja ugoko kwa kisu, akakinga damu kwenye kikombe cha maji, akairusha juu kuwaombea watu wa kambi yake radhi kwa Gobar. Mgeni mmoja alinong'ona kwamba hifadhini hairuhusiwi kumwaga damu. Mvua ikashuka, wote wakatimkia barazani, na radi ikaupiga ule mti. Tawi zima likaangukia turubai na viti vyake.

Bwana Zulhairi alitia sahihi amesimama. "Chukua, mzee. Mwambie huyo Gobar aache."

Kerdas akaikunja barua, akaitia kwenye podo la mishale. "Hii ni yangu. Yeye anataka ya kwake." Akamnyooshea kisu.

"Si umeshatoa wewe?"

"Nimetoa damu kwa ajili ya watu kumi na tisa. Nyie hamumo."

"Na aliyecheka kuliko wote ni wewe, mwanangu," alisema Bidara. "Lete mguu."

Radi ikapiga tena, karibu zaidi. Bwana Zulhairi alikunja suruali ya mguu wa kulia, akauliza kama wa kushoto ungeuma kidogo kuliko huo au sawasawa. Kerdas alimwonea huruma ya kweli. Akapiga magoti, akamshika ugoko kama mtoto anayechanjwa, akamwambia aangalie pembeni.