Polima Zinazojipanga

Kwa miaka miwili Nelvine alijaribu kutengeneza vifuko vidogo mno vya silikoni vya kubebea dawa ya kunyunyizia majani ya chai shambani. Kila mara polima zake, yaani molekuli ndefu za silikoni, zilielea juu ya maji kama mafuta. Asubuhi moja, katika maabara nje ya mji wa Kericho, maji yaligeuka meupe kidogo na kubaki hivyo. Vifuko vilikuwa vimejiunda.

Alimwita mkubwa wake, Daktari Kepher.

"Umezipanga vipi hizi polima?" Kepher aliuliza.

"Sijazipanga, Daktari. Zikiingia majini zinajipanga zenyewe."

"Basi wewe tunakulipia nini?"

Wafanyakazi wengine wa maabara walicheka. Nelvine akacheka nao, akidhani ni mzaha.

Jioni Kepher alimwambia kwamba mkataba wake utaisha Ijumaa na kazi itaendelezwa na Molly, msaidizi wa maabara. "Mfundishe kila hatua kabla hujaenda."

Nelvine alimfundisha Molly bila kuficha kitu, kwa kuwa alihitaji Kepher amsifie kwa mwajiri mwingine. Ijumaa alimwomba afanye hivyo.

"Niwaambie nini?" Kepher alisema, macho yake kwenye simu. "Wewe mwenyewe ulisema zilijipanga."