Nyimbo Zilizokaa Barazani

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Februari, saa mbili na robo asubuhi, Mbodze alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano ya jengo moja pale Mbaraki, kwa kuwa lifti ilikuwa mapumzikoni tangu Idi. Alipoingia studioni alikuta rafu za santuri zimeondolewa na mahali pake pamewekwa kompyuta moja nyeusi. Kyalo, fundi mitambo, alikuwa amepiga magoti chini ya meza akifunga nyaya. Alimwambia kwamba kompyuta hiyo ilikuwa na nyimbo mia tatu na kumi na mbili, na kwamba ya mia tatu na kumi na tatu haitakiwi.

"Kasema nani?" Mbodze akauliza.

"Nairobi, dada."

Kituo hicho kilikuwa na jina lake rasmi, ila watu wa Mombasa walikiita Redio Ghorofani, na jina rasmi likabaki kwenye barua. Kwa miaka kumi na saba Mbodze alikuwa na kipindi chake cha muziki kuanzia saa nne hadi saa sita, wakati masufuria yako motoni. Kabla ya kila wimbo alisema, "Hodi wenyewe! Kibokoni, hodi! Bondeni, hodi! Makadara, hodi!" Kisha alinyamaza kadiri ya pumzi tatu. Katika kimya hicho watu majumbani mwao waliitika, "Karibu," na wimbo ukaingia. Hakufundishwa na mtu. Alizaliwa Kaloleni, na huko nako mtu haingii kwa mwenziwe kama mbuzi.

Mwezi uliotangulia, kituo kilikuwa kimenunuliwa na kampuni ya Nairobi. Meneja wake wa vipindi, Nicanor, alikuwa ameteremka kwa treni ya usiku kuja kuwaeleza fomati. Fomati ilikuwa nyimbo hizo mia tatu na kumi na mbili, zilizopimwa kwa watu elfu mbili, zikipigwa moja baada ya nyingine bila nafasi kati yake. Mtangazaji aliruhusiwa sekunde nane, na hizo azisemee juu ya ala. Fomati ilikuwa imeshika Nairobi, ikashika Nakuru, ikashika Eldoret.

"Kimya ni sumu," Nicanor akasema. "Msikilizaji akisikia kimya, anahama."

"Mimi nanyamaza ili wajibu."

"Wamjibu nani? Redio haisikii."

"Wenyewe wanasikia kwamba wamejibu," Mbodze akasema.

Nicanor aliandika jambo fulani kwenye daftari, pengine halikuwa hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabinti wawili aliowapenda, na jedwali la takwimu alilolipenda vilevile. Alisema utafiti wa wasikilizaji ungefanywa mwisho wa Aprili. Kama kisiwa hakitaonyesha wasikilizaji, studio ya Mbaraki itafungwa, matangazo yaletwe moja kwa moja kutoka Nairobi, na Mbodze aende nyumbani. Mbodze alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakujua kazi nyingine, na aliipenda hiyo kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume aliyemuoa, jambo ambalo hata huyo mwanamume alilijua.

Nyimbo ziliondoka kwenye mlingoti saa nne kamili Jumatatu hiyo hiyo. Zilipita juu ya matangi ya bandari ya Mbaraki, zikakata Makadara, zikateremka Bondeni na kuingia Mji wa Kale, zote salama. Zilipofika milangoni zilisimama. Hazikujua kubisha hodi, na wenyewe ndani hawakuwa na hodi ya kuitikia. Basi zikakaa kwenye baraza za mawe, zikangoja.

Hazikuonekana. Mtu alizijua kwa kuzikalia: baraza ilikuwa na vuguvugu, na kiuno kilipata mdundo kidogo. Wanaume waliorudi kutoka sala ya adhuhuri walisogea upande kuzipa nafasi na kuendelea na kahawa yao. Mwikali, aliyekuwa akiuza maji ya ukwaju penye kona, alizitandikia gunia kwa sababu jiwe lilikuwa limepata moto. Paka wa Mji wa Kale, ambao adabu waliipa talaka zamani, walilala juu yake. Ndani ya nyumba redio zilikuwa zimefunguliwa, taa zake zinawaka, na hazikutoa hata mlio.

Kyalo alitumwa na mita yake akapime. Katika kichochoro sindano ilisimama wima, mawimbi yakiwa safi kuliko ya mwaka wote. Alipovuka kizingiti cha nyumba, sindano ikalala. Alirudi nyuma, ikaamka. Penye uwanja wa Ngome ya Yesu, ambako hakuna mlango wa mtu, nyimbo zilisikika vizuri na waongoza watalii walizifuata kwa miluzi. Kyalo aliandika katika ripoti yake: Nyimbo zimefika, hazijaingia. Nairobi walisahihisha sentensi hiyo ikawa: Mitambo ni mizima.

Mbodze aliomba arudishiwe pumzi zake tatu. Akakataliwa. Aliomba moja, akaambiwa kompyuta haina pa kuiweka. Ilimuuma sana, akaenda kunawa uso, akarudi kwenye sekunde zake nane.

Ijumaa baada ya alasiri alikwenda Kibokoni kumjulia hali Bi Swafia, ajuza wa miaka sabini na mmoja aliyekuwa wa kwanza kumtumia kadi ya salamu, zamani hizo za kadi. Mguu wake ulikuwa mbovu na hakuwa ametoka nje kwa miaka miwili. Barazani pake palikuwa na nyimbo tatu. Mojawapo, ya kijana wa Nairobi anayemwomba msamaha mpenzi wake, ilikuwa hapo tangu Jumanne na jua lilikwishaipunguza mdundo.

"Hodi! Hodi hapa!" Mbodze akaita, akangoja.

"Karibu. Ndoo ndani, mwanangu."

Mbodze akavua viatu akaingia, na zile nyimbo tatu zikapenya kwapani mwake kama jamaa wa bibi harusi. Redio iliyokuwa juu ya kabati ikaanza kuimba.

"Kumbe wenenda nazo wewe!" Bi Swafia akasema. "Zaketi nde tangu juzi, siyui ni za nani."

"Mbona hukuzikaribisha, Bi?"

"Hebu! Nitamkaribishaje asiyebisha hodi? Huenda kaja kwangu, huenda kaja kupumzika tu. Mimi nimuaibishe mtu?"

Waliulizana hali ya mguu, ya watoto, ya samaki sokoni na ya mguu tena. Wimbo wa msamaha ukaimbwa mpaka mwisho. Bi Swafia alisema kijana huyo asamehewe, sauti yake ni ya mtu aliyelelewa.

Kuanzia siku hiyo Mbodze, akitoka kazini, alizunguka kwa miguu. Nyumba moja moja asingeziweza, kwa hiyo alisimama penye mdomo wa kila kichochoro, akabisha hodi mara tatu kwa sauti ya redio, na kunyamaza kadiri ya pumzi tatu. "Karibu" zilitoka madirishani, za juu na za chini, nyingine zikiwa na mdomo uliojaa chakula. Nyimbo zilizokuwa zimekaa zilinyanyuka zikaingia, kila moja mlango wake. Ilibidi arudi kila siku, maana hata jirani wa ukuta mmoja hubisha hodi kila siku. Alimaliza Kibokoni, akaenda Kuze, akateremka Bondeni anakokaa mwenyewe, miguu imevimba kama mikate ya kumimina.

Ndani, nyimbo zilikaa vizuri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa Mji wa Kale hauna mashamba zilipewa kazi zilizokuwapo. Wimbo mmoja wa ngoma nyingi ulifaa kutwangia iliki. Wa kijana wa msamaha ulionekana una kipaji cha kubembeleza watoto. Watu walianza kuzitaja kwa majina, jambo ambalo wale watu elfu mbili hawakuwahi kulifanya.

Mwisho wa Aprili walikuja watafiti wawili na vishikwambi vyao. Mmoja, aitwaye Kate, aliingia kwa Bi Swafia na kumuuliza jana alisikiliza redio gani.

"Nlisikiza ya Mbodze."

Kate alitafuta kwenye kioo. Palikuwa na vituo kumi na vinane na hapakuwa na Mbodze. Alimuuliza ni Mbodze wa wapi, akaambiwa ni yule wa Ghorofani, basi akabonyeza jina rasmi la kituo. Alifanya hivyo nyumba baada ya nyumba, na kwenye fomu hapakuwa na mahali palipomtaka aandike mengine.

Wiki mbili baadaye Nicanor aliteremka tena, akiwa na furaha na mpigapicha. Redio Ghorofani ilikuwa imetoka mkiani ikawa ya pili kisiwa kizima. Alitaka picha na msikilizaji wa kweli, na Mbodze akampeleka Kibokoni kwa Bi Swafia. Nicanor alitaka kuingia moja kwa moja, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Mbodze alimshika mkono, akabisha hodi, akangoja, ndipo wakaingia, nyimbo mbili nyuma yao. Nicanor alikunywa maji ya ukwaju na kula kaimati saba.

"Mama, kitu gani kinakufurahisha katika muziki wetu?" akauliza.

"Ni huyu anayeuleta," Bi Swafia akasema, akimwonyesha Mbodze kwa kidevu.

"Kwa hiyo ni mpangilio wa nyimbo."

"Ni huyu, baba. Zisipokuja na huyu haziingii."

Nicanor alitabasamu, akaandika: mpangilio. Mpigapicha akapiga picha ya Bi Swafia na redio yake, akimwomba Mbodze asogee kidogo atoke kwenye picha. Mbodze akasogea.

Walipokuwa wakirudi, chini ya ukuta wa Ngome, Nicanor alimpa habari. Fomati imeshika Mombasa, akasema, tena katika mji ambao kila mtu alimwambia haitashika. Kwa hiyo imethibitika kwamba haihitaji mtu. Studio ya Mbaraki itafungwa mwisho wa mwezi, kila kitu kitoke Nairobi, na Kyalo atapelekwa Nakuru.

"Ulisema itafungwa tukishindwa," Mbodze akasema.

"Ndiyo. Lakini tumefaulu."

Mbodze alimweleza habari ya vichochoro, ya hodi na ya pumzi tatu, hatua kwa hatua, hata akamwonyesha miguu yake. Nicanor alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Hakushangaa hata kidogo, na hakuona kama hayo ni uongo. Alisema tu kwamba jambo hilo haliwezi kuwekwa kwenye jedwali, na la mtu mmoja haliwezi kupelekwa mji mwingine. Kisha akampa mkono na kwenda kuwahi treni ya alasiri.

Mbodze alilia hapo hapo mbele ya wauza vinyago, waziwazi, kama mtu aliyefiwa. Mmoja wao alimletea kiti.

Siku ya kwanza ya Juni nyimbo zilitoka Nairobi saa nne kamili, zikafika Mji wa Kale kwa wakati, zikakaa barazani. Zilikaa Jumatatu yote na Jumanne. Mwikali akazitandikia magunia yake, paka wakarudi. Kufika Agosti utafiti mwingine ulikuwa umefanywa. Kyalo alimpigia Mbodze simu kutoka Nakuru na kumsomea ripoti ya kampuni, kwamba fomati haina kasoro, ila watu wa Mombasa si wapenzi wa muziki. Wiki hiyo Kibokoni peke yake ilikuwa na harusi tatu, na watu hawakulala kwa ngoma.

Alasiri moja ya mwezi huo Mbodze alikwenda kwa Bi Swafia. Siku hizo alikuwa akiuza kadi za simu karibu na nyumba yake Bondeni, na sauti yake alikuwa akiitumia kidogo sana. Baraza ilikuwa imejaa nyimbo, hata hapakuwa na pa kuweka viatu. Zilipomwona zilisogea karibu naye zote pamoja.

"Hodi, Bi."

"Karibu, mwanangu. Ndoo ndani."

Mbodze aliingia, akageuka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu mpaka komeo likaingia. Wimbo wa yule kijana wa msamaha ulibaki umeegemea mbao.

"Na hizo nazo?" Bi Swafia akauliza. "Wazifungia nde na jua lote hilo?"

"Hizo si zangu tena, Bi."

Bi Swafia alilitazama komeo. Mlango huo haukuwa umefungwa mchana tangu mazishi ya mumewe. Alijivuta na mguu wake mbovu akampa nafasi kitandani, na Mbodze akaketi kando yake. Walianza kuulizana hali: ya mguu, ya watoto, ya samaki sokoni.