Wageni Waliokatazwa Kukutana

Bwana Hatibu, afisa itifaki, alikuwa amepanga kila kitu ili Wachina na Wamarekani wasionane. Nchi hizo mbili zilikuwa zikivutana kila kona ya dunia, na kila moja ilitaka iwe rafiki wa karibu wa Tanzania. Basi Wachina walifika Ushongo asubuhi kutazama mahali pa kujenga gati. Wamarekani wakaja adhuhuri kuwaona kinamama wanaolima mwani. Lakini bahari haijui itifaki. Maji yalikupwa, kivuko cha Pangani kikashindwa kupakia magari, na wakati wa kurudi misafara yote miwili ikakutana upande wa Bweni, ikingoja kuvuka.

"Samiha, mwanangu, mzuie mzee wako asishuke garini," Hatibu alimnong'oneza mkalimani wa Kichina.

Alichelewa. Bwana Shen, kiongozi wa Wachina, alikuwa ameshasimama kwa muuza madafu. Na mkuu wa Wamarekani, bibi mmoja mwenye mvi, akamwendea moja kwa moja, akamsalimu kwa Kichina safi.

Hatibu alishika kichwa. "Wanasema nini?"

Samiha alisogea, akatega sikio. "Anamuuliza kama goti limepona."

"Goti?"

"Ndiyo. Sasa bwana anauliza kama yule binti wa bibi amejifungua. Amejifungua, mtoto wa kiume."

"Mambo gani hayo! Na gati je?"

"Subiri... Bibi anasema kesho, mkutanoni Dar es Salaam, ataipinga kwa nguvu zote. Anahofia siku moja zitatia nanga hapo meli za kivita. Bwana anasema anajua hayo, ila hotuba asiisome polepole kama ya mwaka jana, watu walisinzia."

Wale wawili wakaangua kicheko, kila mmoja na dafu lake mkononi.

"Kwa hiyo wamepatana?"

"Hata kidogo."

"Sasa wanachekea nini?"

Samiha hakujua, na kutojua huko kulimwasha. Walipokwisha kuvuka, akajikaza akauliza garini: "Samahani, mzee. Yule si mpinzani wako?"

"Tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alijibu Bwana Shen, akifuta maji ya dafu kwenye tai. "Kila ninachoandika, yeye hukisoma chote, neno kwa neno. Wakubwa wangu husoma ukurasa wa kwanza tu."

Gari la yule bibi likawapita likielekea Tanga. Samiha aliligeukia, akatamani lau angepanda lile, amuulize na yeye.