Injini ya Mtu Mmoja

Fundi aliuliza swali la kawaida kabisa: mtakuwa mnapanda wawili au mmoja? Mume wangu akajibu, "Mmoja."

Nami nimesimama pale pale kando yake, mzima wa afya, viatu vya safari miguuni. Nilidhani ulimi umemteleza, nikasubiri ajirekebishe. Hakujirekebisha. Aliendelea kuitazama pikipiki kana kwamba ndiyo iliyouliza.

Pikipiki ile tuliijadili miezi na miezi. Picha zake zilibandikwa ukutani juu ya cherehani yangu, pale ninaposhonea sare za shule. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni na kiti kipana cha nyuma chenye egemeo. Egemeo nililichagua mimi, kwa ajili ya paja langu lenye chuma. Ile ya zamani iliuzwa vipuri baada ya ajali, na tangu hapo sikupanda tena kitu chenye magurudumu mawili. Sasa daktari alikuwa ameniruhusu, mume wangu alikuwa amestaafu kazi yake ya nguzo za umeme, na watoto wana nyumba zao. Iliyobaki ilikuwa barabara tu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Fundi ni mwanamama mfupi mwenye mikono minene, wateja wote wanamwita Mama Spana. Alitoa vyuma viwili kwenye maboksi yake, akavilaza kwenye kaunta juu ya kitambaa safi.

"Hizi ni kamshafti, dada," aliniambia, maana aliona nimetoa macho. "Ndizo zinazofungua vali ili injini ivute pumzi. Pikipiki inakuja na yake, lakini mkitaka nguvu zaidi mnachagua moja kati ya hizi. Hii hapa inatoa nguvu mapema. Umebeba mtu, umebeba mizigo, mlima uko mbele yako, wala haikohoi. Hii nyingine nguvu yake iko juu, kwenye mbio. Ukiwa peke yako utaruka. Ukiwa na mtu nyuma, kila mlima utagombana na gia."

"Hii," alisema mume wangu, akagusa ile ya mbio.

Mbio! Huyu ni mwanamume ambaye akiendesha yeye, baiskeli zilikuwa zinatupita kwenye mteremko. Mabasi yalitupigia honi miaka yote, yeye anawapungia mkono kwa adabu. Leo anataka kuruka.

Mama Spana alinitazama, kisha akamtazama yeye. Akasema injini ataifungua Jumamosi mchana, kwa hiyo asubuhi tukifika kupima shokapu, zile springi zinazobeba uzito, aliyebadili mawazo aseme kabla hajashika spana.

Nyumbani sikusema kitu. Anayenijua anajua kwamba nikipiga kelele hakuna neno, nikinyamaza ndipo pabaya. Nilianza kumtafuta kichwani mwangu huyo mwanamke aliyemvuta. Nilimfikiria muuza dawa wa kona, nikamfikiria mjane wa mtaa wa pili anayecheka cheka ovyo. Halafu nikakumbuka kwamba injini ile haimbebi hata huyo mwingine, nikazidi kuchanganyikiwa. Mume anayekimbilia kwa mwanamke unajua utamfuata wapi. Anayetaka kukimbia peke yake utamfuata wapi?

Ijumaa alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikazima cherehani, nikamfuata.

"Baba watoto, unaniacha?"

Kisu kilisimama. "Nani kasema?"

"Kamshafti yako imesema."

Alimenya kiazi kile mpaka kikabaki kama gololi. Kisha akasema, bila kugeuka, "Siku ile nilikuita."

Nilijua anamaanisha nini. Miaka yote tuliyopanda pamoja, kila tukimaliza kona alipaza sauti, "Upo?" nami nikajibu, "Nipo!" Ilianza kama utani, enzi hizo nikiwa mwembamba, akidai hasikii uzito wangu nyuma. Baadaye nilinenepa, utani ukabaki vilevile.

"Najua kulikuwa na mchanga kwenye kona," nilisema. "Najua tuliteleza. Sina kinyongo na wewe, nilishakwambia."

"Hujui. Nilikuita, hukuitika. Nikaita tena na tena. Akaja dereva wa lori, akakuinamia, akaniambia, pole, mzee. Akaleta turubai lake akakufunika. Mpaka uso."

Hilo sikuwahi kuambiwa. Niliambiwa tu kwamba msamaria mwema alitusaidia, na kila nikisali nilikuwa namwombea heri.

"Nilikaa kando ya lile turubai," aliendelea. "Nikawaza watoto nitawaambia nini. Nikachagua hata nguo ya kukuzikia, lile gauni lako la bluu. Halafu ukakohoa." Akaweka kisu chini. "Mimi nilishakuzika mara moja, mama. Sina nguvu ya kurudia."

Ningelia, lakini hasira iliwahi.

"Kwa hiyo nivunjike mimi, nijifunze kutembea upya mimi, nihesabu siku za kurudi barabarani mimi, halafu wewe ndiye unaamua niwekwe kabatini kama sahani za wageni?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukifa huko peke yako?"

"Hapo nitakuwa sisikii."

Nilimwona mbinafsi kuliko watu wote duniani. Nikamwambia aende, lakini akiondoka na injini ya mtu mmoja asitegemee kurudi kwenye nyumba ya watu wawili. Nilimaanisha, ingawa niliogopa nilichokisema. Viazi vile hakuna aliyevipika.

Jumamosi tulikwenda karakana kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma nikichechemea. Mama Spana alikuwa ameibana pikipiki gurudumu la mbele, imesimama wima yenyewe. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Zile kamshafti mbili zilikuwa kwenye kitambaa, na ile ya mbio imesogezwa mbele tayari.

"Kaa, kaka, nipime shokapu inazama kiasi gani."

Alikaa. Mama Spana akachuchumaa na futi yake, akapima, akaridhika. "Kwa mtu mmoja iko sawa."

"Bado mimi," nilisema.

Mama Spana alinisogezea kreti nikanyage, akanishika kiwiko. Mguu wenye chuma haukutaka kupita juu ya kiti, nikauinua kwa mikono kama mzigo wa mtu mwingine. Nilipokaa, pikipiki ilizama kidogo. Mume wangu akakamata breki zote kwa nguvu. Injini ilikuwa imezimwa na gurudumu limebanwa, lakini alizikamata mpaka vifundo vya vidole vikatokeza.

Nilimshika kiunoni. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Upo?" aliuliza, taratibu sana.

Nikanyamaza. Sitaki kujisafisha: nilinyamaza makusudi. Nilitaka naye aonje kidogo kile alichonilisha wiki nzima.

Mgongo wake ukaacha kupumua. Niliusikia chini ya mikono yangu, umekakamaa kama ubao. Kisha akaita tena, na sauti ile sikuwahi kuisikia, si kwenye misiba yetu, si siku aliyozikwa mama yake. "Upo?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibiwa na kimya. Nikajua ndivyo alivyoita pale kwenye kona, nami nimelala mtaroni, sisikii.

Hasira yote ikaniishia mwilini. Nikalaza shavu kwenye lile shati lililolowa.

"Nipo," nilisema. "Nipo, baba. Nipo hapa."

Alivuta pumzi ndefu, kisha nyingine. Mama Spana alijifanya anasoma namba za futi yake. Kisha akasimama, akafuta mikono, akauliza kwa upole, "Sasa kaka, nifunge ipi? Ya mmoja au ya wawili?"

Sikumjibia. Nilikuwa nimemjibia mambo mengi maisha yetu yote, lakini hilo nilimwachia.

"Ya wawili," alisema mume wangu, bila kuachia breki.